Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Mimi ni karani. Naandika nani kasema nini,
nani katoa hoja, nani kaunga mkono,
mlango umefungwa saa ngapi.
Fomu haina mahali pa kuandika nani alitazama chini.

Mji wa Varney, Ohio, mwezi wa pili.
Ukumbi wa michezo wa shule ile ile inayojadiliwa:
viti vya kukunja mia moja na arobaini, watu kama mia mbili,
theluji inayeyuka viatuni mwao,
na juu ya vichwa pete ya kikapu haina wavu.
Kila msemaji ana dakika tatu.
Mbele yake taa: kijani, manjano, nyekundu,
kana kwamba uchungu nao ni gari.

Dakta Lindqvist, mkurugenzi wa elimu, kaja na chati.
Shule tatu zikiwa moja tutaokoa dola milioni mbili na nusu.
Tutaajiri mwalimu wa hesabu. Tutatengeneza maabara.
Hadanganyi; tarakimu zake nimezipitia mara mbili mwenyewe.
Ila basi la watoto wa Bonde la Sorrel
litapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza totoro,
na hilo liko ukurasa wa arobaini na moja,
kwa herufi za sisimizi.

Bi. Delphine Hruska, darasa la pili, miaka ishirini na sita kazini:
"Mwaka jana mtoto alitapika juu ya karatasi ya mtihani.
Mwongozo unasema isitupwe. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni,
nikaituma makao makuu ya jimbo.
Ikasahihishwa.
Alama zake zimo kwenye chati ile pale."
Kicheko. Makofi. Manjano.
"Basi tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa..."
Nyekundu.

Nilidhani ukumbi umeshakata shauri.
Ndipo akasimama Orrin Tackett,
dereva wa lori la kumwaga chumvi barabarani,
kofia mkononi, bila hata kofi moja.
"Mwanangu ana miaka kumi. Minne ameketi humu humu
mnamolilia leo,
na hawezi kusoma jina la mtaa wetu.
Serikali ikinipa vocha ya karo nimpeleke kwingine, nitaipokea.
Bi. Hruska akitaka nisubiri, aniambie hadi lini.
Mageuzi yenu yamezaliwa kabla ya mwanangu
na bado yanatambaa."
Alibakiza dakika moja na nusu. Hakuitumia.
Taa ikakaa kijani mbele ya nafasi tupu.

Mzee Wasko wa usafi hakutaka kipaza sauti.
"Mitaala mitano imepita nikiwa na funguo hizi.
Mpya ukija, mimi ndiye naushusha wa zamani kwenye boila.
Vitabu vingine havijafunguliwa hata, vinanukia gundi.
Bomba la mvuke limelegea, nimeliegemeza juu yake.
Ule wa mwaka wa tisini na nne ndio mnene, ndio unaobeba.
Mkifunga, mwambieni atakayekuja asiuvute."

Kura: wanne ndiyo, watatu hapana.
Nikaandika majina saba kwa mwandiko niliofunzwa
ghorofani, chumba namba tisa,
na mwalimu aliyekuwa akigonga dawati kwa pete.
Kikao kimefungwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku.

Nje, maegeshoni, gari la Tackett lilikuwa likinguruma.
Mtoto kalala kiti cha nyuma; kumbe hajalala.
Hruska na baba mtu walikuwa bado wanabishana,
vocha, mtihani, nani kamtupa nani,
mvuke ukiwatoka vinywani.
Kisha yule mama akavua glavu
akaandika kwa kidole kwenye dirisha lililoshika barafu,
akianzia kulia, kila herufi kaipa mgongo,
ili aliye ndani aione sawa.
G. A. R.
Alipofika N kidole kilikuwa chekundu.
Nyuma ya kioo midomo ilikuwa ikicheza.
Tackett akanyoosha mkono, akazima injini.

Nilikuwa nimesimama na faili kwapani.
Nilijaribu kuandika. Wino ulikuwa umeganda.